Frites Zisizolingana

Juzi, kwenye mgahawa mmoja wa Butembo, mhudumu alinihakikishia kwamba frites zao, yaani viazi vya kukaanga, zilikatwa kwa mkono. "Angalia, hazilingane." Nikashindwa kula.

Mchana mmoja wa vita, nikiwa mtoto, mama alikuwa akikata viazi vya kuuza barazani petu, mafuta yakinukia mpaka barabarani. Askari mmoja alikaa kwenye benchi, bunduki magotini, akingoja sahani yake.

"Mama, papa ya huyu mutoto iko wapi?"

"Alienda Beni."

Nilishtuka. Baba alikuwa ndani, amelala nyuma ya magunia ya viazi. Nilidhani amechoka tu. Sikujua kwamba wanaume walikuwa wakichukuliwa na askari kubeba risasi porini, wasirudi. Nami, hadi leo, kosa la mtu huniwasha mpaka nilisahihishe. Lakini kisu cha mama kilikuwa kimeanza kutoa vipande vya ajabu, vingine vinene, vingine kama njiti.

"Mama, unakata mubaya!" nikalalamika.

Askari akacheka kuona mtoto akimwamuru mama yake. "Mama, kumbe huyu njo commandant yako!" Akala, akaenda.

Mpaka juzi sikuwahi kujiuliza kwa nini mama alikata ovyo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Na mimi nilikuwa na makosa mawili ya kusahihisha, nikaanza na lile la viazi.