Vilima vya Pemba Vilivyochorwa Walthamstow

Sogea, msomaji, unisikilize kana kwamba tumeketi jamvi moja. Mwishoni mwa miaka ya tisini niliondoka Pemba kwenda London kwa sababu ya neno la mama: "Pesa za kakako zinafika. Mimi nataka kitu kilichopita mkononi mwake." Kaka Saidi hakuwa amerudi nyumbani tangu ujana wake.

Kwenye uwanja wa ndege alinikumbatia, nikahisi mifupa tu. Alikuwa karani, akiishi Walthamstow, mtaa mmoja wa London, na Jumamosi alijifunza uchoraji wa Kichina kwa Bi Mei, mama mtu mzima aliyetoka China. Nikafurahi: basi kitu cha kumpelekea mama kipo! Nikamwomba mchoro mmoja.

"Yote nimeitupa," akasema. "Mkono unatetemeka siku hizi. Mama akiona, atajua nimezeeka."

Jumamosi ilipofika tulipanda treni hadi makumbusho, Bi Mei akatuonyesha mchoro wa kale: milima ya wino, ukungu, na njia nyembamba inayopotelea juu. Nikueleze taratibu. Karatasi ya Wachina hunywa wino papo hapo; hakuna kufuta. Ndiyo maana wazee wao walisema mlima uliochorwa huonyesha moyo wa mchoraji. Mwenye pupa, mstari wake hukimbia. Mwenye kiburi hujaza karatasi yote, ukungu ukakosa pa kupita.

Mchana, darasani, kaka akachora vilima vya kwetu. Kila mstari ulipotetemeka, aliupitia tena kwa wino mzito.

"Kaka, hivi ni vilima au mkate wa kumimina ulioungua?"

"Nyamaza wewe! Hata kuku hujui kumchora."

Bi Mei hakucheka. Alisema maneno machache, na kaka akanitafsiria kwa sauti iliyopungua: "Anasema kutetemeka si aibu. Kinachoonekana ni kule kuficha."

Kaka akachukua karatasi nyingine, akachora bila kurudia popote. Vilima vikatoka kama vinavyoonekana kwa macho yenye machozi. Pale ilipo nyumba yetu, akaacha peupe.

"Na nyumba je?" nikauliza.

"Sijui siku hizi mlango wake una rangi gani, mdogo wangu."

Nilirudi Pemba na mchoro ule nimeukunja kifuani. Mama aliupokea barazani, akaufuata mstari kwa kidole, polepole, kilima baada ya kilima. "Mkono wa baba yake ulianza hivi hivi," akasema. "Huyu ni mwanangu." Kidole kikatua kwenye ule weupe, kikabaki hapo nikimweleza kaka alivyosema kuhusu mlango. "Mwambie mlango bado ni wa kijani."

Nilidhani mama alitaka kitu kizuri. Alitaka cha kweli.

Nawe kama una mtu wako wa mbali, chukua karatasi, mchoree kilima kimoja cha kwenu kwa mstari mmoja. Usiurudie. Mpelekee hivyo hivyo.