Msumari wa Kumi

Asubuhi ya mwisho iliyofanana na nyingine, mke wa fundi viatu alikaa ukingoni mwa kitanda akafunga kamba za viatu, mafundo mawili kila kiatu. Kisha akagonga visigino sakafuni, kusikiliza kama soli zimeshika. Fundi alikuwa amezibandika upya jana yake.

"Zimeshika," fundi alisema.

"Nimekuuliza?"

"Masikio yako yameuliza."

Akamrushia kofia. Ndivyo walivyokuwa wakiamkiana.

Fundi akahesabu misumari kumi, ile mifupi ya visigino, akaitia mfuko wa kushoto wa koti. Hakuwahi kukaa darasani, na hesabu ya kichwani ilimpotea mtu akimsemesha. Kwa hiyo mkewe akimaliza mzunguko mmoja wa uwanja wa shule, msumari mmoja ulihama kushoto kwenda kulia. Mfuko wa kushoto ukibaki mtupu, kumi imetimia. Haukuwa umebaki mtupu hata siku moja.

Mkewe alikuwa mpishi wa shule hiyo. Miaka thelathini alisimama kwenye saruji, mbele ya masufuria ambayo mtu angeweza kuogea ndani. Usichanani alikuwa mkimbiaji, wakamwita Mshale. Fundi alikijua kiatu chake kabla ya kumjua mwenyewe. Kililetwa kimeachama mdomo, soli ya mbele imelika yote, kisigino kipya kabisa. Akakaa siku nzima akijiuliza ni mtu gani huyu asiyekanyaga chini kama wengine. Walipopata watoto, viatu vyake vilianza kulika visigino, kama vya kila mtu.

Mwaka ule shule ilipofunga kwa miezi ya joto, alipanda ngazi za stoo ya unga, akakaa ngazi ya nne, roho juu. Jioni akamwambia mumewe, "Nautaka mwili wangu. Mizunguko kumi bila kutembea, kabla shule haijafungua." Shule ikifungua, uwanja ungekuwa wa watoto, na yeye angerudi jikoni kabla hakujapambazuka.

Binti yao, karani wa posta, alicheka mpaka akashika ukuta. "Ukianguka nani akubebe, mama? Baba huyu?"

"Baba yako atakaa ahesabu. Kukaa anaweza."

Wiki ya kwanza alikimbia miwili, mingine akatembea mkono kiunoni. Waliwahi kabla joto halijakolea, lakini kufikia mzunguko wa tano jua lilikuwa limeshavuka paa la madarasa, na vumbi lilikuwa limepata moto. Mlinzi wa lango akamuuliza, "Mama, anayekufukuza yuko wapi?"

"Yule pale kwenye kigoda. Kachoka."

Wiki ya sita alifika saba. Fundi akigeuza viatu vile kibandani, aliona soli ya mbele imeanza kulika tena. Hakumwambia mtu. Alipitisha kidole gumba hapo, akaendelea na kazi.

Asubuhi ile ya mwisho zilibaki siku mbili shule ifunguliwe. Kila akipita mbele ya kigoda mkewe humrushia neno. Umelala? Koti lako linanuka gundi. Mzunguko wa nane alipita kimya. Mdomo wazi, shati limegandana na mgongo, uso umekuwa wa mtu mwingine. Vidole vya fundi vikachukua misumari miwili.

Alipozunguka tena, fundi akasema, "Kumi."

Mkewe akasimama. Akamshika bega, akahema muda mrefu. "Onyesha."

Fundi akaupindua mfuko wa kushoto. Mtupu.

Walirudi nyumbani polepole. Mchana kichwa kilimuuma mkewe, akasema ajinyooshe kidogo. Hakuinuka tena. Daktari alisema ni mshipa wa kichwani, ungepasuka hata angekuwa amekaa tu.

Msibani binti alimwambia kila aliyekuja, "Alitimiza kumi. Baba alihesabu." Watu walitikisa kichwa, wakapata kitu cha kushika. Fundi alitazama mkeka.

Misumari ile hakuigongea kiatu cha mtu. Ilibaki mfuko wa kulia. Asubuhi alijikuta akikaa upande wake wa kitanda, akingojea visigino vigonge sakafu. Nyumba nzima hakuna wa kumwambia koti lake linanuka gundi, na lilinuka.

Miezi ya joto iliporudi, binti alikuja na mwili wa mtu anayekaa nyuma ya meza. Akavitoa viatu vya mama yake chini ya benchi. Vilimkaa. "Beba misumari, baba. Nikifika kumi kama mama, nimemaliza."

Alianza na mmoja na nusu. Akatukana, akarudi kesho yake. Siku za mwisho za likizo alifika mzunguko wa nane na uso ule ule, mdomo ule ule. Vidole vya fundi vikaenda kwenye misumari miwili. Akaurudisha mmoja.

"Kumi?" binti aliuliza mwishoni, mikono magotini.

"Kumi."

"Mama naye alikuwa hivi kwenye wa mwisho?"

Fundi alitoa misumari mfukoni. Mlinzi alikuwa anafagia lango.

"Mama yako alikimbia tisa," alisema. "Nilihamisha miwili kwa mpigo."

Binti alijifuta uso kwa shati, akaendelea kujifuta hata uso ulipokauka. "Basi. Aliondoka anajua ni kumi. Hakuna ubaya, baba."

"Alijua ni tisa. Tulipofika mlangoni aliniambia. Nikainamia komeo, nikajifanya sijasikia."

"Alisemaje?"

Mwaka mzima fundi alikuwa ameyabeba maneno yale mdomoni. Aliyatoa kama alivyopewa:

"Leo umenihurumia mmoja. Kesho tazama misumari yako, usinitazame usoni."