Usiifue

Kiherehere mimi nimezaliwa nacho, mama yangu kule Pangani ni shahidi. Nikikuta vyombo vichafu kwa watu, naosha. Nikikuta mtoto wa watu ana kamasi, nampenga. Kwa hiyo haya ya Khogen nayasema bila kujitetea, maana kosa ni langu.

Khogen ni mpiga pasi mwenzangu kwenye duka la dobi huku Uarabuni, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Ni Mhindi wa Assam, mashariki kabisa ya nchi yao, umri hamsini na ushee, mpole mpaka anakera. Miaka kumi na moja amesimama kwenye meza ile ile. Tunaongea Kiarabu cha kuokoteza na Kiingereza cha kubahatisha, tunaelewana. Ananiita bhonti, yaani mdogo wangu wa kike. Ukimuuliza habari za kwao atakwambia mama yake anafuma vitambaa. Basi, habari imeisha.

Kila Aprili watu wa Assam wana sikukuu ya mwaka mpya, Bihu. Siku hiyo mtu wako anakuwekea begani gamosa, kitambaa cheupe chenye nakshi nyekundu. Zipo za dukani, lakini yenye heshima ni iliyofumwa nyumbani. Mama yake Khogen alimfumia kila mwaka, akampa msafiri, na siku ya Bihu Khogen alijiwekea mwenyewe begani mbele ya simu, mama anamtazama huku anacheka.

Mwaka huu mama alifariki mwezi wa pili. Khogen hakuwahi kumzika. Mwezi wa tatu akaja msafiri na mfuko wa nailoni: gamosa ya mwisho, mama aliimaliza wiki moja kabla ya kufa. Khogen hakuufungua. Aliuweka kwenye rafu juu ya meza yake, akaniambia, "Mpaka Bihu."

Alhamisi, kesho yake ndiyo sherehe, alikwenda kupeleka nguo Lusail. Nami nikautazama ule mfuko nikamwonea huruma. Hana mke hapa, hana dada, nani atamtengenezea? Nikaufungua. Kitambaa kilikuwa kikavu, kina wanga, kinanuka uji wa mchele na moshi wa kuni. Kwetu kanga mpya haikai mwilini mpaka ifuliwe. Nikakifua kwa mkono, sabuni ile ya maua, nikakipiga pasi pande zote, nikakifunga kwenye karatasi nzuri. Nailoni nikaitupa. Tena nilijisifu. Aliporudi nikampa kifurushi, akashukuru, akadhani nimebadilisha mfuko tu.

Ijumaa nilikwenda, alikuwa amenialika. Walikodi ukumbi wa shule. Ngoma zinalia, wasichana wanacheza, mikate ya mchele na ufuta imejaa sinia. Vijana wanawawekea wazee wao gamosa begani, kisha wanainama kuwagusa miguu. Khogen alikuwa kiti cha nyuma kabisa, peke yake, na kile kifurushi mapajani. Nikakaa pembeni yake.

Akafungua karatasi. Nakshi hakuitazama. Alipeleka kitambaa puani, akavuta pumzi, kisha akavuta tena kwa muda mrefu.

"Bhonti, umeifua."

"Nimeifua, kaka. Ilikuwa na wanga."

"Ule wanga ni wali wa mama. Anauchemsha, anapaka nyuzi kabla ya kufuma." Akaikunja kama alivyoikuta. "Si neno. Nilitaka kumnusa mara moja tu."

Heri angenitukana. Nikanyanyuka bila kuaga, nikapanda basi mpaka dukani. Ijumaa wanafungua jioni, nikasubiri mlangoni na aibu yangu. Walipofungua nikaenda moja kwa moja kwenye pipa la taka. Nikachakura hanga zilizovunjika na vikombe vya chai mpaka nikaiona ile nailoni, chini kabisa. Nikaingiza pua. Mchele na moshi, kidogo sana, lakini vipo. Nikaifunga fundo haraka.

Jumamosi nikampa. Hakuuliza nimeitoa wapi. Alilegeza fundo kwa vidole viwili, akanusa, akafumba macho. Kisha akafunga mafundo matatu.

"Nusa tena, kaka," nikamwambia.

"Nikinusa itaisha. Iliyobaki ya mwaka kesho."

Akaiweka ndani ya shati lake, akashika pasi. Siku nzima nilikuwa nalia na nguo za watu mkononi, na yeye anajifanya haoni.

Jioni nikampigia mama Pangani. Mwaka wa sita huu sijamwona. Akasema binamu yangu Saidi anakuja huku mwezi ujao, ampe nini aniletee? Nikasema kanga.

"Nitakununulia nzuri, mpya."

"Usinunue, mama. Mpe hiyo uliyojifunga sasa hivi."

"Hii? Mwanangu, hii nimepikia, inanuka moshi. Basi ngoja niifue kwanza."

"Mama, nakuomba," nikasema. "Usiifue."