Redio Kumi na Nne za Kituo

Madereva wa kampuni ile ya teksi walimjua kwa jina moja tu: Kituo. Wengi hawakuwahi kuiona sura yake. Kwa miaka ishirini na miwili aliketi katika chumba kidogo nyuma ya gereji, mdomo karibu na kipaza sauti, akiwaelekeza abiria yupi anangoja wapi. Dereva akiita, yeye hujibu, "Kituo kinasikia," na jina likamganda.

Kisha simu za mkononi zikaichukua kazi ile. Siku ya mwisho, akipita uani kwenda kuaga, aliziona redio za upepo zilizong'olewa magarini zimerundikwa kando ya pipa la taka, nyaya nje kama matumbo ya kuku. Akamwambia meneja anazitaka. Meneja akacheka, akasema azichukue mradi ziondoke kabla ya jioni. Zilikuwa kumi na nne. Alizibeba kwa toroli, safari mbili.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa akishona mlangoni. Safari ya kwanza aliendelea kushona. Ya pili ikamshinda.

"Mama watoto, mimi nilioa mke mmoja. Hawa wote ni nani?"

"Wake wenza," akajibu, akaendelea kushusha.

Alikuwa amesikia kwamba wapo watu wanaozungumza hewani kwa mapenzi tu, bila kumtumikia tajiri yeyote. Wanaitwa wanaredio wa ridhaa, nao wana masafa yao. Alitaka awe mmoja wao, kwa redio zilezile. Akamwendea fundi aliyekuwa akizihudumia redio za kampuni. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba redio zile zimefungiwa masafa ya teksi, kuzishusha hadi masafa ya ridhaa ni lazima zipasuliwe, na mtu asiye na leseni akibonyeza kitufe cha kusemea amevunja sheria.

"Dada, wewe ulikuwa unazungumza," akasema. "Kutengeneza ni kazi nyingine."

Hakulisema kwa dharau, na ndiyo maana lilimchoma. Kesho yake asubuhi akaenda kujiandikisha kwa mtihani wa leseni.

Mtihani ulimwangusha kwenye hesabu. Akanunua daftari jipya, akajiandikisha tena. Huku nyuma redio ya kwanza aliiunguza kwa kugeuza nyaya za betri. Chumba kikanuka moshi siku mbili. Ya pili alifika nayo mbali zaidi. Ndani mlikuwa na koili ndogo ya waya yenye kiini cheusi, ambacho kikizungushwa, redio hupanda au hushuka masafa. Alikizungusha kwa bisibisi ya chuma. Kikapasuka kama ganda la yai.

Alirudi kwa yule fundi, vipande kiganjani, akamwuliza amekosea wapi. Fundi akavitazama vile vipande, akamtazama na yeye, akamvutia stuli. Chuma ni adui wa kiini hiki, akamfundisha. Hata kisipokipasua, hukiyumbisha. Zungusha kwa plastiki, tena taratibu. Akaichukua redio ya tatu na kuiandikia upya kumbukumbu yake ya ndani, safari hii kwa masafa ya ridhaa. Koili akamwachia mwenyewe.

Kituo alichomoa sindano yake ya plastiki ya kufumia sweta, akaitia tupa mpaka ncha ikawa bapa. Mumewe akauliza sweta yake itakwisha lini. Akaambiwa baridi bado.

Taa nyekundu iliyoonyesha kwamba redio haijashika masafa haikutaka kuzimika. Alizungusha robo, akangoja. Akarudisha, akaanza upya. Mgongo ukamuuma, naye akabadilisha kiti, si nia. Alasiri ya tano taa ikazimika na spika ikatulia kwa mvumo laini. Hakuinuka pale mpaka alipohakikisha kwamba haiwaki tena.

Wiki ileile barua ikaja: mtihani wa pili amepita, na alama yake ya wito, jina lake la hewani, hii hapa.

Siku tisa aliita hewani bila jibu. Mumewe akasema labda wanaredio wenyewe wamehama. Siku ya kumi, akiwa bado ameshikilia kipaza sauti, ikaingia sauti ya mama mmoja aliyejitambulisha kuwa mkunga mstaafu, anayeishi ng'ambo ya milima.

"Nimekupata, mwenzangu, karibu sana. Ila nikuambie kweli, sauti yako inakuja kama mtu aliyejifunika blanketi."

Mumewe aliisimamisha cherehani, akamtazama mkewe usoni. Maneno ya kwanza kupewa, nayo ni kasoro. Lakini Kituo alikuwa amekwisha kuvuta daftari.

"Ni maneno yote, mama, au yanafifia mwishoni?"

Yote, mkunga akajibu. Pengine ni kipaza sauti.

"Una shughuli sasa hivi?"

"Sina."

"Basi nisubiri hapohapo, tafadhali. Nakifungua."

Akaizima redio, akamwomba mumewe amsogezee taa ya cherehani, akaanza kulegeza skrubu.