Kamba ya Kiunoni

Nilikuwa shemasi wa kanisa letu huku Walikale, lakini chini ya shati nilifunga kiunoni kamba ya dawa, niliyopewa na mganga wa msituni ili risasi zisinipate. Nilidhani hakuna aliyejua.

Asubuhi moja tulipokimbia bunduki, ukanda wa kikapu cha mke wangu ulikatika njiani, mihogo ikamwagika. Akanipandisha shati, akaikata kamba ile kwa kisu, akafungia kikapu.

Nilipiga kelele: "Mama, unaniua!"

"Papa, miaka yote nafua nguo zako, na ile kitu iko inanuka. Leo njo imepata kazi. Tuende!"

Risasi zililia tena ng'ambo ya mto. Nilishika kiuno kitupu, na kwa mara ya kwanza nikaomba bila kitu cha akiba: "Mungu, nifiche."

Tulifika kijiji cha Kibua jioni, salama. Nilijipapasa mwili mzima, sikuamini kwamba hakuna risasi iliyonipata. Kimbilio nililowahubiria watu, mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuliingia.

Nilimwomba mke wangu aitupe kamba motoni.

"Hapana, Papa. Kesho tunaweza kukimbia tena, na mihogo iko mingi."