Mwezi Ukiwa Mkubwa, Zima Karabai

Ipo siku ambayo sichoki kuikumbuka, mwanangu, siku nilipoiona mvua inakuja nikashindwa kuinuka. Nilikuwa mama kijana kule kisiwani, Nansio. Kazi yangu ilikuwa kununua dagaa wabichi asubuhi mitumbwi ikirudi, kuwaanika kwenye vichanja na kuwauza wakikauka. Kila mwanika dagaa anajua kwamba wingu likitanda upande wa ziwa, unakimbia. Dagaa akinyeshewa huoza, na harufu yake haifichiki. Wenzangu walikimbia. Mimi nilikaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nikaitazama mvua inavyowapiga dagaa wangu, nikawa najiuliza tu: mbona miguu hainiitikii?

Sikuwa na homa wala njaa. Hilo ndilo lililonishangaza, nami ni mtu wa kuulizauliza tangu utoto.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa gizani kwa mwanga wa taa, enzi zangu karabai, siku hizi taa za sola. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa zima hung'aa, dagaa hawaifuati taa, basi mitumbwi hupumzika ufukweni. Wavuvi hushona nyavu na kucheza bao. Wanawake husukana, hupalilia mihogo, huenda kuwajulia hali wagonjwa. Mimi niliwaona wavivu. Mbalamwezi ikianza tu, napanda meli hadi Mwanza, navuka kwenda Sengerema kutafuta mahindi, narudi kuyauza, na giza likirudi nipo tena mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, macho mekundu. Nilijiona mjanja kuliko kisiwa kizima. Mtaka yote hukosa yote, lakini methali hiyo nilidhani imetungiwa wengine.

Dalili zilikuwepo, ila nilizipuuza. Usingizi ulinikimbia, chai niliitia chumvi, na ulimi wangu ukawa pilipili kichaa. Binti yangu Neema, ambaye hata shule hakuwa ameanza, akazoea kwenda kila asubuhi kwa jirani yetu Bibi Tereza kuomba uji. Nikadhani ni uroho wa kitoto.

Bibi Tereza, mwanika dagaa tangu mama yangu hajaolewa, ndiye aliyenikuta pale mvuani. Hakunipa pole. Aliketi kwenye tope kando yangu.

"Shikamoo, bibi," nikasema, maana hata ukishindwa kusimama, salamu haikushindi.

"Marahaba. Mwezi ukiwa mkubwa, nani anawasha karabai?"

"Hakuna, bibi. Dagaa hawaji. Ni kumaliza mafuta bure."

"Sasa wewe mbona huzimi?" Akanigeukia. "Unajua mwanao anafuata nini kwangu?"

"Uji."

"Uji kwako upo. Anakuja kuniuliza, 'Bibi, leo mama amekasirika?' Nikimwambia sijui, anabaki kwangu."

Nililia, mwanangu, na si kwa ajili ya dagaa. Mtoto wangu alikuwa ananitazama mimi kama sisi tunavyolitazama wingu la ziwani.

Mbalamwezi iliyofuata Bibi Tereza alinikataza meli. Nilimuuliza kwa dhati: watu wakipumzika hufanya nini hasa? Alicheka mpaka akakohoa. Mwanzoni mikono iliniwasha, nikawa nafagia palipofagiliwa. Kisha nikalala mchana, usingizi mzito. Kisha nikamkalisha Neema nimsuke, nikaona kovu dogo nyuma ya sikio lake. Limetoka wapi? Akanisimulia kisa kirefu cha jogoo na kuni, nami kwa mara ya kwanza sikuwa na pa kukimbilia. Tulicheka sana. Giza liliporudi nilirudi vichanjani, na miguu iliitika.

Sasa naishi Mkolani, hapa Mwanza, nawaona vijana mnavyokula huku simu zinaita. Siwalaumu. Sisi mwezi ndio uliotuambia wakati wa kuacha. Kazi zenu za mwanga wa umeme, usiku na mchana, hazina mbalamwezi, kwa hiyo inabidi kila mmoja ajitafutie yake, na kuipata si rahisi. Neema mwenyewe leo ni muuguzi Sengerema, na wagonjwa hawangoji mwezi. Lakini amejiwekea saa zake ambazo hakuna wa kumgusa.

Kwa hiyo nakwambia, mwanangu: usiusubiri mwili ugome ndipo ujue umechoka. Ukiona usingizi umekukimbia na watu wa nyumbani wanakupima uso kabla ya kukusemesha, huo ni ufa, uzibe kabla hujalazimika kujenga ukuta. Mwambie mtu unayemwamini. Uchovu usipoondoka hata ukipumzika, nenda ukamwone daktari, hakuna aibu. Na ukiwa umeshaanguka, usijihukumu. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Nikimpigia Neema simu, simuulizi kazi inaendaje. Namuuliza, "Mwezi ukoje huko?" Juzi alinijibu, "Mkubwa, mama. Nimezima." Nyuma yake nikasikia mtoto wake anaimba kwa sauti kubwa, haogopi kitu.

Mungu akupe giza la kuvulia na mbalamwezi ya kupumzikia, na wanao wakusikie unaingia mlangoni, waje mbio.