Kilo Sabini za Baba Mkwe

Nilikuwa mpima mizigo kwenye kiwanja kidogo cha ndege, Walikale. Kabla ndege haijaruka, kila kitu kinapanda mzani: magunia, kuku, watu. Wamama walinitukana kila siku, nikazoea. Ila siku moja akasimama mbele yangu mzee wa Karuba, mfugaji, ambaye nilikuwa nimemposa binti yake na jibu alikuwa hajalitoa. Alikuwa amekuja kunichungulia kazini, sasa anarudi kwake.

Jamani, baba mkwe utampandishaje kwenye mzani wa magunia, watu wakitazama? Kwetu hata kumkodolea macho ni utovu wa adabu. Nikainamisha kichwa, nikaandika kilo sabini, nikampisha. Akapita na koti lake refu. Mlango wa ndege ulimbana kidogo.

Piloti akasoma karatasi, akaangalia abiria mmoja mmoja.

"Huyu wa kilo sabini iko wapi?"

Akashusha bidoni mbili, madumu ya mawese, kupunguza uzito, ndege ikaruka salama. Mzee hakujua lolote.

Sasa, kazini kulikuwa na sheria: kosa likikamatwa kabla halijaumiza mtu, aliyelifanya analiandika mwenyewe, karatasi inabandikwa ukutani wengine wajifunze, na haadhibiwi. Haadhibiwi na shefu, mkubwa wetu wa kazi, sawa. Na mzee je? Binti yake nilimpenda hadi nasahau kula. Siku tatu nilizunguka na kalamu mfukoni. Lakini kila asubuhi piloti alichukua karatasi yangu na kuiamini, na hilo lilinitesa. Nikaandika: "Sikumupima muzee kwa sababu ya heshima. Zile kilo sabini nilizibuni."

Wiki mbili baadaye mzee akarudi. Akasimama ukutani, akasoma mara mbili.

"Huyu muzee, njo mimi?" akauliza, akijigusa kifua.

"Njo wewe, Papa. Unisamehe."

"Kilo sabini." Akanigeukia, ameumia kweli. "Mimi muntu wa ngombe, maziwa asubui, maziwa mangaribi, na unaandikia watu kama niko nakonda? Watasema kwangu kuko njaa."

Akavua koti, akatoa jibini tatu mifukoni, akapanda mzani mwenyewe. Mshale ukaenda, ukaenda, ukasimama kwenye mia moja na kumi na nane.

"Andika. Ubandike pale pale."

Nikabandika. Akashuka taratibu, akanipima kwa macho.

"Sasa panda wewe."

Hamsini na tisa. Mzee akatikisa kichwa, akaniwekea jibini zote tatu mikononi.

"Mutoto wangu atakuwa na kazi ya kukunenepesha," akasema.